Mwongozo kamili wa kuandika shairi fupi la mazingira: kutoka ufukweni hadi ubeti wenye mizani na vina

Kila ikikaribia tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, mashairi yanamwagika kwenye magrupu na kwenye mastatus, na mengi yanaanza namna hii:

Mazingira ni uhai, tuyatunze ndugu zangu

Hesabu mizani hapo, yaani silabi, nane kwa nane, kumi na sita kamili, hakuna kosa. Lakini soma tena alafu uniambie umeona nini. Hujaona mti, hujaona mto, hujanusa chochote, na kesho mtu akikuuliza lile shairi lilikuwa linahusu nini utamjibu tu "mazingira". Mi naamini mikoko yetu na mito yetu inastahili zaidi ya hapo, maana inakatwa kweli na inakauka kweli, na ubeti mmoja uliokaa sawa unaweza kubaki kichwani mwa mtu miaka na miaka wakati ripoti nene imelala kabatini hakuna aliyeifungua. Siri yenyewe ni moja tu: shairi fupi lishike kitu kimoja kinachoonekana kwa macho, likiite kwa jina lake, alafu limwachie msomaji nafasi aumie mwenyewe au afurahi mwenyewe. Hatua zote zinazofuata ni njia ya kufika hapo.

Hatua ya kwanza: toka nje uchague kitu kimoja

Usianze na "mabadiliko ya tabianchi", hayo hayaingii kwenye mishororo miwili hata ungekuwa fundi vipi. Anza na gunia moja la mkaa pembeni ya barabara, mfuko mmoja ufukweni, kisima kimoja kilichoingia chumvi, mtumbwi mmoja uliokwama. Kama upo pwani nenda maji yakiwa yamekupwa, na ukiweza subiri bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, hapo utaona vitu ambavyo siku nyingine vimefunikwa. Kama upo bara nenda mtoni mwisho wa kiangazi, maji yakiwa chini kuliko wakati wote. Na kama upo mjini katikati usijali, mtaro nje ya nyumba yako una mashairi ya kutosha mwaka mzima.

Ukifika tulia, toa simu, andika sentensi za kawaida kabisa, bila vina (zile silabi za mwisho zinazofanana) wala mizani, ulichokiona tu. Mambo matatu yananisaidia sana: hapa kuna nini ambacho zamani hakikuwepo, nani anafanya nini kwa mikono yake, na harufu au sauti gani ipo. Hilo la mikono usiliruke kabisa, shairi la mazingira lisilo na mtu ndani yake mara nyingi linapoa.

Mfano, gunia la mkaa. Mkaa ukija mjini gunia linakuwa limejazwa mpaka limevimba, lumbesa, na juu wamezibia nyasi au majani ndo wakafunga kamba. Mtu aliyeangalia vizuri anaweza kuondoka na hiki tu:

Gunia la mkaa,
juu limezibwa majani,
bado mabichi.

Hilo ni shairi huria, halina vina, na limeshakamilika. Halikumtukana mchoma mkaa. Hapa nitasema wazi, sipendi mashairi yanayomlaumu yule wa kijijini mwenye shoka wakati mkaa wenyewe unapikiwa kwetu mjini, kama unataka kusema juu ya mkaa ingia jikoni kwako kwanza.

Hatua ya pili: uliza majina

Ukiandika "mti" msomaji anaona kivuli tu. Chukua mikoko, wengi tunasema mikoko basi, lakini kaa na mvuvi au mkata boriti nusu saa atakupa familia nzima. Kuna mkoko wenyewe, ule mizizi yake inatoka juu ya shina na kushuka kwenye tope kama miguu ya buibui. Kuna mlilana unaosimama mbele kabisa unapigwa na mawimbi. Kuna mchu unaovumilia chumvi nyingi, mkandaa unaotoa boriti, msinzi, na mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo. Kila jina hapo lina mlio wake na idadi yake ya silabi, kwahiyo unapata picha na unapata mizani kwa mpigo.

Majira pia, usiandike "upepo" kama unajua ni kusi au kaskazi au matlai. Ukisema kaskazi msomaji wa pwani anajua papo hapo ni kati ya Desemba na Machi, joto, na hukuhitaji mshororo mzima kueleza. Masika, vuli, kipupwe, kiangazi, haya ndo maneno ya kupimia kama mambo yamebadilika, maana mkulima anayesema masika imechelewa ameshatoa habari nzima. Ziwani nako uliza, kuna furu, sato, sangara, dagaa, na sangara hakuwepo mwanzo, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na furu wengi sana wakapungua baada ya hapo. Yaani ukiwa na neno furu peke yake una hadithi.

Unapouliza wazee uliza kwa adabu, shikamoo kwanza, kaa chini, usimtolee simu usoni kumrekodi bila ruhusa. Na neno ambalo hujalielewa usilitumie kwa sababu tu linapendeza.

Hatua ya tatu: hakikisha ukweli, alafu ndo uchague kitenzi

Watu wanadhani shairi ni hisia tu. Shairi la mazingira lina deni la ukweli, ukikosea jambo moja anayejua ataacha kukusikiliza hapo hapo. Mfano barafu ya Kilimanjaro, nimesoma beti nyingi zinasema imekwisha. Haijaisha. Wanasayansi waliopima walikuta kati ya 1912 na 2007 eneo lililofunikwa na barafu limepungua kwa asilimia 85 hivi. Kwahiyo kitenzi chako ni "yapungua", "yarudi juu", "yabaki kando", sio "imekwisha", na kwangu mimi hiyo inauma zaidi, kwa sababu bado ipo na tunaiangalia ikienda.

Au mto Ruaha Mkuu wa Tanzania, ambao zamani ulikuwa unatiririka mwaka mzima, tangu 1993 umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na sababu kubwa ni maji kutumika huko juu bonde la Usangu, kwenye skimu za umwagiliaji hasa za mpunga, pamoja na mifugo. Ukishajua hivo huandiki tena "jua kali limeua mto". Nitaurudia huu mto chini.

Hatua ya nne: chagua umbo

Kwa shairi fupi una njia kadhaa, na kila moja ina kazi yake.

Tathnia, mishororo miwili. Hii mi naipenda kuliko zote kwa mambo ya mazingira, maana inabana, mshororo wa kwanza unaonyesha kitu, wa pili unageuza. Huyu hapa kasa, na yavuyavu ni yule kiumbe laini wa baharini anayemla:

Kasa kameza mfuko, kaona ni yavuyavu,
Jana ulikuwa wako, ulibeba ndizi mbivu.

Mtu atasema mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku, Kenya tangu 28 Agosti 2017 na Tanzania tangu 1 Juni 2019. Ni kweli kabisa, lakini plastiki haiozi upesi, ile ya zamani bado inaelea, na "jana" ya shairi ni pana kuliko jana ya kalenda. Ila kama unaona itakuletea ubishi, weka chupa, chupa hazijaisha.

Tathlitha ni mishororo mitatu, tarbia minne. Tarbia inafaa ukiwa na sababu na matokeo na mtu wa kumwambia, lakini kwa anayeanza mshororo wa nne mara nyingi ndo unageuka mahubiri, kwahiyo baki kwenye mitatu kwanza.

Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane nane, vitatu vya kwanza vina kina kimoja na cha nne kina chake. Unakwenda mbio, unafaa kwa mafuriko, kwa moto, kwa kitu kinachokuja kwa kasi. Wakazi wa Dar wanaikumbuka Desemba 2011, mto Msimbazi ulipofurika mpaka mtaa wa Jangwani, na miaka mingine baada ya hapo:

Msimbazi umejaa,
Jangwani maji yakaa,
chupa, viatu, makaa,
mlangoni vimefika.

Alafu kuna haiku ya Wajapani, silabi 5, 7, 5, bila vina. Kwa asili yake inataka kitu kinachoonyesha majira, na sisi tunavyo vingi. Ugumu wake kwetu ni kwamba maneno ya Kiswahili ni marefu, neno moja kama "wanakauka" limeshakula silabi tano, kwahiyo unalazimika kutumia nomino fupi na vitenzi vya wakati wa -a-: yaja, wanywa, lafika. Ule mto wa Ruaha:

Mto Ruaha,
kiboko kwenye tope,
mpunga wanywa.

Hakuna lawama, hakuna amri. Kiangazi kipo ndani ya tope. Na anayekula wali anajikuta yumo.

Hatua ya tano: andika mshororo wa mwisho kwanza

Hapa ndo pazuri na nitakaa kidogo. Wengi wanaandika kuanzia juu, vina vinawatawala, wakifika mwisho hawana cha kusema zaidi ya "tuungane pamoja". Fanya kinyume, tafuta kituo chako kwanza, ile picha nzito kuliko zote ulizoandika kwenye simu, iweke chini kabisa, alafu panda kwenda juu.

Tuchukue delta ya Rufiji, kwenye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Tanzania. Huko watu wamefyeka mikoko walime mpunga, na mikoko ikishaondoka maji ya chumvi yanapata njia, baada ya misimu kadhaa shamba halifai na inabidi kufyeka pengine. Tuseme kwenye simu umeandika: "mama kasimama na jembe, shamba maji ya chumvi, hajui alime wapi". Picha ni mama na jembe. Ukiibana inakuwa:

Mama kashika mpini, haoni pa kuuweka

Tayari umepata kina cha kati -ni na cha mwisho -ka, na umepata bahati nyingine, kushika mpini kwetu ni kuwa na nguvu, na huyu mama mpini anao lakini hauna msaada. Sasa andika pembeni maneno ya -ni yanayohusiana na mahali pale pale: mtoni, pwani, majini, shambani, mashambani. Na ya -ka: anguka, kauka, fika, futika, masika, mwaka. Usichukue neno la mbali kwa ajili ya kina, chukua yaliyokuwepo pale uliposimama.

Panda juu. Mshororo wa kwanza uwe chanzo, wa pili uwe kilichofuata:

Shoka lafika mtoni, mkandaa waanguka,
Maji yaja mashambani, mpunga unakauka,
Mama kashika mpini, haoni pa kuuweka.

Angalia shoka halijasemwa ni la nani. Laweza kuwa la mfanyabiashara wa boriti, laweza kuwa la mama mwenyewe aliyefyeka apate shamba, na huko kutokusema ndo kunamfanya msomaji arudi juu asome tena. Kama ningeandika "watu wabaya wakata mikoko" ubeti ungekuwa umekufa.

Hatua ya sita: pima mizani kwa sauti, sio kwa macho

Kila irabu inabeba mizani moja. Zikifuatana mbili kila moja inahesabiwa, waanguka ni wa-a-ngu-ka, nne. M inayosimama peke yake nayo ni mizani: m-to-ni tatu, m-ka-nda-a nne, m-tu-mbwi tatu, m-bu-yu tatu. Lakini ikiunganika na konsonanti inayofuata haihesabiwi: mbi-vu mbili, ndi-zi mbili, ile mbwi ya mtumbwi moja. Usipokuwa na uhakika sema neno taratibu huku unagonga meza, sikio halidanganyi.

Ukizidisha au ukipungukiwa mshairi ana ruhusa zake. Kufupisha neno, kama "ameshika" kuwa "kashika", hiyo ni inkisari. Kurefusha ni mazida, kubadili silabi ya neno ni tabdila, na kupindua mpangilio wa maneno ni kuboronga sarufi. Tumia kwa kiasi, kwenye shairi la mishororo miwili ruhusa mbili tayari ni nyingi, maana msomaji hana nafasi ya kukuzoea. Na jina la kiumbe usilibadilishe, mkandaa ubaki mkandaa, kama hauingii badilisha kitenzi.

Kingine, wakati wa -a- (yaja, lafika, wanywa) unaokoa mizani na unaleta jambo mbele ya macho, ila ukiutumia kila mahali shairi linasikika la kizamani, ndo maana pale juu kuna "unakauka" katikati.

Hatua ya saba: futa amri zote

Soma rasimu yako utafute "tutunze", "tuache", "ndugu zangu", "jamani", "tuamke". Futa. Hili ndo pigo gumu maana tunahisi tukifuta hayo shairi halina ujumbe. Ujumbe upo kwenye picha. Tuone gugu maji la Ziwa Victoria, rasimu ya kwanza:

Gugu maji ni hatari, linaharibu ziwani,
Tuliondoe vizuri, wavuvi wawe amani.

Mizani ipo, vina vipo, na mtu wa Kisumu au Mwanza hajaambiwa kitu asichokijua. Rudi kwenye kuchunguza. Gugu hili asili yake ni Amerika ya Kusini, lilisambazwa duniani kama pambo la bustani kwa sababu ya ua lake zuri, likaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likaziba ghuba na bandari mpaka mitumbwi haipiti, na miaka ya 1990 wakaleta fukusi wanaolila ili kulipunguza. Katika yote hayo kitu kinachoshtua ni uzuri wake, ua la zambarau linalofunga njia ya riziki. Sasa andika upya:

Ua lake zambarau, limejaa bandarini,
Nyavu zakauka juu, mtumbwi u kichakani.

Neno hatari halipo na hatari unaiona. "Mtumbwi u kichakani" ilikuja kwa sababu gugu likishonana vizuri kweli linaonekana kichaka, ziwa halionekani.

Kuna swali watu huuliza, je lazima mashairi haya yawe ya majonzi? Hapana, na nadhani tumezidisha kilio, msomaji akilizwa kila siku anachoka anapita. Kule Gazi, Kwale, Kenya, kuna mradi wa Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanakijiji wanalinda msitu wa mikoko wa hekta 117 na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa pale, pesa zinarudi kijijini, zimeingia kwenye maji ya bomba na shuleni. Hilo nalo ni shairi, na kanuni ni zile zile, onyesha tu:

Mkoko haujakatwa, na bomba latoa maji,
Ndoo foleni zaletwa, na watoto wa kijiji.

Hatua ya nane: ghani

Lisome kwa sauti ukiwa umesimama. Kati ya ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mshororo, lazima pumzi ipumzike yenyewe, kama unajikuta unakimbia kupita pale ujue umekata sentensi vibaya. Jirekodi kwa simu, sikiliza baada ya siku moja. Mpelekee mtu mmoja anayeishi na hicho kitu, mvuvi kwa shairi la uvuvi, mama anayelima mwani kule Paje, Zanzibar, kwa shairi la mwani, muulize swali moja tu: hapa pana uongo? Usimuulize kama ni zuri, atakwambia ni zuri kwa heshima.

Hatua ya tisa: litume, na ukubali kujibiwa

Shairi fupi linakaa vizuri kwenye picha moja ya simu, lakini usiweke picha ya kitu kile kile kilichomo kwenye shairi, kasa kwenye picha anamuua kasa wa kwenye ubeti. Sauti yako ukighani ni bora zaidi, itume kama voisi. Magazeti kadhaa ya Kiswahili bado yana ukurasa wa mashairi na redio nazo zina vipindi, lakini huko tathnia moja ni ndogo mno kwao, wape beti nne tano za jambo moja zenye kibwagizo.

Na waalike watu wakujibu. Kujibizana kwa beti ni jambo letu la zamani, Mombasa na Lamu walifanya hivyo mpaka kwenye mambo ya vita. Anayekujibu ashike vina vyako vile vile, kama ulifunga kwa -ni na -ka naye afunge hivyo hivyo, mkata boriti akijibu kwa nini anakata utajifunza kitu ambacho hukukiona ulipokuwa umesimama ufukweni, na pengine ubeti wako wa pili utakuwa bora kuliko wa kwanza.

Chini ya kila shairi andika mahali na mwezi, mfano Jambiani, Februari, kaskazi. Fanya hivyo hata kwa yale usiyomtumia mtu, uyaweke faili moja, na mwakani mwezi ule ule urudi pale pale usimame uandike tena.